Praima nyeusi, nyeupe, kijivu au kahawia? Mwongozo kamili wa kuchagua rangi ya chini ya visanamu

Ukikaa na watu wanaopaka visanamu vya milimita 28, vile vya michezo ya vita ya mezani, hutachelewa kusikia ubishi wa praima, ile rangi ya chini inayotangulia rangi nyingine zote. Mmoja atakwambia nyeusi tu, mwingine anaapa kwa nyeupe, wa tatu anasema chukua kijivu uachane na kelele. Kila mmoja yuko sahihi kwa kazi zake.

Msimamo wangu ni huu: praima huchaguliwa kwa kuangalia vivuli. Mikunjo ya nguo, kwapa, chini ya ukingo wa kofia, katikati ya vidole, huko brashi haifiki vizuri, na hata ikifika rangi hukaa nyembamba. Kitakachoonekana huko mwisho wa kazi ni praima. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ipi nzuri, jiulize: pale nitakaposhindwa kufika, nataka paonekane rangi gani?

Hatua ya 1: Jua unapaka juu ya nini

Rangi za akriliki zinazochanganywa na maji hazishiki vizuri kwenye plastiki laini na inayoteleza. Ukipaka moja kwa moja, rangi inajikusanya kama matone, na ikikauka inabanduka kwa ukucha. Praima inaweka uso wenye mkwaruzo mdogo sana ambao rangi inaung'ang'ania. Si kila kopo la rangi nyeusi ya kupuliza linafanya kazi hiyo. Rangi ya kawaida ya nyumbani, hasa ya kung'aa, ni nzito, na itafukia macho, vifungo na mishono ya nguo.

Visanamu vingi vinavyokuja kwenye fremu za kukata ni polistireni, plastiki ngumu isiyo na usumbufu. Osha kwa maji na sabuni ya vyombo, kausha, umemaliza. Resini ina kasoro yake: kiwandani ukungu, yaani kalibu ya kumiminia, hupakwa kilainishi ili kisanamu kitoke kirahisi, na kilainishi hicho hubaki juu ya resini na kuikataa praima. Isugue kwa mswaki laini, maji ya vuguvugu na sabuni. Usitumie maji ya moto, maana resini nyembamba kama mkuki au upanga itapinda. Metali nyeupe inataka kupigwa tupa kidogo na kuoshwa. Ile plastiki laini inayonesa, ya PVC, ndiyo yenye hila kuliko zote, kwa sababu kuna praima za kopo ambazo zikipulizwa juu yake hubaki zikinata siku nyingi. Kwa hiyo plastiki, tumia praima ya maji ya kupaka kwa brashi.

Angalizo moja kwa wanaotengeneza vitako vya kusimamishia visanamu na mandhari kwa foamu nyeupe ya kufungia televisheni: kopo la kupuliza linaiyeyusha. Ipake kwanza gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na rangi, ifunike yote, iache ikauke kabisa, ndipo upulize.

Kabla ya praima, kwangua ile mistari midogo inayoachwa na viungo vya ukungu. Tumia mgongo wa kisu, si makali. Mstari ambao leo unaonekana kama unywele utaonekana kama kovu mara tu praima na rangi ya maji maji zitakapoupitia.

Hatua ya 2: Tazama rangi zitakazotawala, kisha tazama aina ya rangi ulizonazo

Chukua karatasi uandike: sehemu kubwa ya kisanamu itakuwa rangi gani? Kama robo tatu ni chuma, jibu limeshakuja. Kama ni joho la njano, nalo limeshakuja, ila ni tofauti kabisa na la kwanza.

Sababu iko kwenye mwanga. Tabaka jembamba la akriliki ni kama ushungi mwepesi: mwanga unalipenya, unagonga praima, unarudi kwako ukiwa umebeba rangi zote mbili. Njano, nyekundu angavu na machungwa kwa kawaida zina uwezo mdogo wa kufunika. Njano juu ya nyeusi inageuka kijani cha matope, na utaipaka tabaka baada ya tabaka mpaka sura ya kisanamu ifukiwe. Kaki, kahawia, kijivu na buluu nyingi zinafunika bila ubishi.

Wachoraji walilijua jambo hili zamani. Nchini Italia, katika karne ya 14, waliochora watakatifu kwenye mbao walianza nyuso kwa udongo wa kijani, kisha wakapitisha waridi juu yake ili ngozi ipate uhai. Karne zilivyopita, waridi lile lilichakaa kwenye picha nyingi, na leo ukiziangalia makumbusho utaona nyuso za kijani. Rangi ya chini imetoka nje.

Jambo la pili ni aina ya rangi ya juu. Kama unatumia rangi za kawaida zinazofunika, una uhuru mkubwa. Kama unatumia zile nyepesi zinazotiririka mashimoni na kuacha mabonde yaliyokoza na vilele vilivyopauka kwa mpako mmoja, kama Contrast za Citadel zilizotoka 2019 au Speedpaint za The Army Painter, huna uhuru huo. Hazifuniki chochote, zinatia rangi tu juu ya kilichopo. Citadel wenyewe walitoa Contrast pamoja na praima mbili maalumu, Wraithbone yenye rangi ya pembe za ndovu na Grey Seer ya kijivu kilichopauka. Ukizipaka juu ya nyeusi, utakuwa umemwaga hela yako.

Hatua ya 3: Pitia praima moja moja

Nyeusi inasamehe. Ukisahau chini ya mkanda, panaonekana kivuli. Ni praima bora kwa silaha za chuma, magari ya vita na majoho meusi, kwa sababu rangi za metali zina chembe zinazorudisha mwanga, na weusi ulio chini unazifanya zionekane nzito kama chuma kweli. Kwa chuma kinachong'aa kama kioo, wanaojenga modeli za ndege huenda mbali zaidi: wanapuliza nyeusi ya kung'aa kwanza, ndipo metali kama za Alclad II juu yake. Kasoro yake kubwa ni kwamba huoni unachofanya. Chini ya balbu dhaifu, uso mweusi wa kisanamu ni shimo tu, na anayeanza atapaka jicho shavuni.

Nyeupe inatoa rangi angavu, nzuri kwa njano, waridi, kijani cha majani machanga na rangi nyepesi za kutiririka. Ila haisamehe hata kidogo. Kila pengo linapiga kelele. Tena, nyeupe ya kopo ni ngumu kupuliza kuliko rangi zote, kwani pigmenti yake ni nzito na inahitaji wingi ili ifunike. Ikikosewa inatoka na chembechembe kama umepuliza chumvi. Nikitaka weupe napuliza kijivu kwanza, halafu nyeupe juu, nyepesi. Rangi ya pembe nayo inafaa mahali pengi watu wanapokimbilia nyeupe, na ina joto linalozipendeza ngozi, mifupa na vitambaa.

Kijivu ni chaguo la mtu asiyejua bado atapaka nini, na sisemi hivyo kwa dharau. Wajenzi wa vifaru na ndege wanakipenda kwa sababu kinaonyesha makosa: mshono usiozibwa, alama ya gundi, mkwaruzo. Mr. Surfacer, praima ya Japani, inauzwa kwa namba, 1000, 1200, 1500, na namba ikiwa kubwa uso unakuwa laini zaidi, kama msasa. Kwa modeli ndogo ya kipimo cha 1/72 chukua hizo za juu.

Kahawia ndiyo inayosahauliwa, nami nitakaa hapa kidogo.

Chukua mfano wa askari wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia hapa Afrika Mashariki, awe wa Schutztruppe ya Wajerumani au wa King's African Rifles, kikosi cha Waingereza kilichoundwa 1902. Orodhesha rangi zake: sare ya kaki, mikanda na mifuko ya risasi ya ngozi, kitako cha bunduki cha mti, ngozi ya mtu mweusi, vumbi miguuni. Karibu kila kitu hapo kinatoka katika ukoo wa kahawia. Ukianza na nyeusi, vivuli vya kaki vitaonekana vichafu na baridi. Ukianza na nyeupe, utafanya kazi maradufu. Puliza kahawia iliyokoza ya chokoleti, na mti wa bunduki na mikanda vitakuwa nusu vimekwisha kabla hujafungua kichupa. Kaki inafunika kahawia kwa mipako miwili myembamba. Iache mikunjo kama ilivyo.

Sasa ngozi. Miongozo mingi imeandikwa kwa ngozi nyeupe: anza na rangi ya mwili, tia kivuli, ongeza nyeupe kidogo kidogo. Ukifuata njia hiyo kwa ngozi nyeusi, uso unatoka umepauka, kana kwamba mtu amepakwa majivu. Ngozi nyeusi inaonyesha umbo lake kwa mng'ao zaidi kuliko kwa kivuli, na hapo ndipo praima ya kahawia inapolipa. Iache peke yake kwenye matundu ya macho, chini ya pua na chini ya taya. Chukua kahawia ya kati yenye wekundu kidogo, ipake kwenye paji la uso, mgongo wa pua, mashavu, kidevu na vifundo vya vidole. Mwanga unaofuata uongeze kwa rangi ya udongo wa manjano, kwa eneo dogo zaidi. Nukta ya mwisho, ndogo kama ncha ya sindano, iwe kahawia iliyochanganywa na kijivu chenye ubuluu, pale juu ya shavu na kwenye paji: hiyo ni anga inayojiona kwenye ngozi. Mdomo wa chini upewe waridi lililofifia. Macho yasiwe meupe kabisa. Rangi ya pembe inatosha.

Mtutu wa bunduki ni chuma, na chuma kinataka weusi. Basi uupake nyeusi kwa brashi, mtutu peke yake, kisha metali juu. Watu wanasahau kwamba hakuna sheria inayosema kisanamu kizima kiwe na rangi moja ya chini. Kofia nyekundu kwenye jeshi la kaki? Ipake waridi au pembe mahali hapo tu, halafu nyekundu. Waridi chini ya nyekundu na njano ni siri ya zamani inayofanya kazi hadi leo. Njano juu ya waridi inakuwa na joto, na vivuli vyake havigeuki kijani.

Bado kuna praima za rangi kamili. The Army Painter wanauza makopo yanayolingana na rangi zao za vichupa, na Citadel nao wana ya buluu, nyekundu na metali. Ukiwa na visanamu hamsini vya sare ya buluu, kununua kopo la buluu ni akili tupu. Ukiwa na vitatu, hela hiyo nunua brashi nzuri.

Hatua ya 4: Amua kama utapuliza mwanga

Ukishindwa kuchagua kati ya nyeusi na nyeupe, tumia zote mbili. Puliza nyeusi kila upande, hadi chini ya miguu. Ikikauka, puliza kijivu kutoka juu kwa mshazari, kama jua la saa tisa, ukizungusha kisanamu. Malizia na nyeupe kidogo kutoka utosini moja kwa moja. Utaona kisanamu kimejichora chenyewe: mabega na kichwa vimeng'aa, chini ya joho kumebaki giza. Piga picha kwa simu kabla ya kuweka rangi yoyote, maana ukishaanza kupaka utasahau mwanga ulikuwa unatoka wapi.

Mbinu hii inaenda vizuri sana na rangi nyepesi, kwani zinaacha mwanga na kivuli vilivyopulizwa vionekane. Rangi nzito zitavifuta vyote, na kazi yako itakuwa bure. Huna eabrashi, ile kalamu ya kupulizia rangi kwa hewa, wala kopo la pili? Pakaza kijivu, kisha nyeupe, kwa brashi kavu iliyofutwa kwenye karatasi mpaka karibu haina rangi. Inashika kwenye vilele tu. Matokeo ni ya kukwaruza kidogo, lakini manyoya, mawe na kitambaa kizito vinapendeza hivyo.

Kwa yule askari wetu, chokoleti ikitangulia na rangi ya pembe ikipulizwa kidogo kutoka juu inatoa kitu kile kile bila ubaridi wa nyeusi.

Hatua ya 5: Jaribu kwenye vijiko

Nunua pakiti ya vijiko vya plastiki vya sherehe. Puliza kimoja nyeusi, kimoja nyeupe, kimoja kijivu, kimoja kahawia, kwa upande wa mgongo. Vikikauka, pitisha mstari wa kila rangi uliyonayo juu ya vyote vinne, mpako mmoja sehemu moja, mipako miwili pembeni yake. Andika majina kwa kalamu ya wino usiofutika, uvitoboe, uvifunge kwa uzi. Chati hiyo itakufaa kuliko video yoyote, kwa sababu inaonyesha rangi zako, mkono wako na taa yako.

Vipande vya fremu vilivyobaki usivitupe. Hivyo ni vya kujaribia kopo jipya, hasa kama umenunua praima ya magari kwenye duka la vifaa. Ya kijivu ya mafundi wa magari na ile nyekundu ya kuzuia kutu inayopakwa kwenye mageti zinaweza kufanya kazi nzuri na ni rahisi kupata, na ile nyekundu ni msingi mzuri sana wa ngozi na kutu. Ila baadhi zina tina (kiyeyusho) kali inayotafuna polistireni ikipulizwa mbichi mbichi. Kipande cha fremu kikilainika au kikikunjamana, umejua bila kupoteza kitu.

Hatua ya 6: Siku ya kupuliza

Rangi nzuri ikipulizwa siku mbaya inaharibika. Pwani, kuanzia Mombasa hadi Mtwara, adui ni unyevu. Viyeyusho vinapopaa haraka vinapoza uso wa kisanamu, mvuke wa hewani unaganda juu yake, na praima inakauka na ukungu mweupe au chembechembe. Epuka alfajiri na jioni, na baada ya mvua usithubutu. Kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, siku kavu, ndio wakati wake. Wakati wa masika, kubali tu kutumia brashi. Nyanda za juu tatizo ni baridi: kopo likipoa linatema matone. Liweke kwenye maji ya vuguvugu dakika chache, lisikaribie moto kamwe, na usiliache ndani ya gari juani, kwani makopo haya hayatakiwi kupita nyuzi 50 za Selsiasi.

Gundisha visanamu kwenye kipande cha mbao kwa utepe wa pande mbili, ukiacha nafasi. Tikisa kopo dakika mbili kamili. Umbali uwe sentimita 20 hadi 30. Anza kupuliza nje ya kisanamu, pita juu yake, umalizie nje upande wa pili. Mpigo mfupi, pumzika, zungusha. Mpako wa kwanza uonekane kama vumbi, plastiki ikichungulia. Ukiwa karibu mno mikunjo inajaa rangi. Ukiwa mbali mno kwenye upepo wa joto, rangi inakauka ikiwa hewani na kutua kama msasa. Fanya kazi nje au penye hewa ya kutosha, ukivaa barakoa yenye vichujio vya mvuke. Ya kitambaa haizuii kitu.

Unayeagiza kutoka Ulaya au Ghuba, fahamu kwamba makopo ya rangi ya kupuliza hayaruhusiwi ndani ya ndege, si kwenye mkoba wala kwenye sanduku, hivyo usimsumbue ndugu yako akubebee. Praima za maji za vichupa, kama Surface Primer ya Vallejo kutoka Hispania au Stynylrez ya Badger, zinasafiri bila shida na zinapakwa kwa brashi au eabrashi. Ya Vallejo ni ya poliurethani: inajivuta ikikauka, hivyo usiogope ikionekana nzito kidogo ikiwa mbichi. Ipe siku nzima kabla ya kuishika sana, na usiipige msasa mapema, itabanduka kama ngozi ya nyoka.

Ikiharibika

Kisanamu cha plastiki ngumu au metali kinaweza kuvuliwa praima na kuanza upya. Dettol ya kahawia, ile ya chupa inayopatikana kila duka la dawa, inafanya kazi hiyo. Kizamishe bila kuichanganya na maji, funika, kiache siku nzima. Vaa glavu, kisugue kwa mswaki wa zamani kikiwa bado kimelowa Dettol, na hapa ndipo wengi wanapokosea: maji yakigusa kabla rangi haijatoka, yote inageuka uji unaonata kama gundi. Sugua mpaka rangi itoke, suuza kwa Dettol safi, ndipo uingie kwenye sabuni na maji. Kwa resini jaribu kwanza sehemu isiyoonekana, kwa muda mfupi, kwa sababu baadhi hulainika. Kikikauka usiku kucha, rudi kwenye vijiko vyako uchague upya.